Aliyetafuta Wagonjwa Miongoni mwa Nzi Wazima

Habari za kifo chake zilinikuta kwenye foleni ya benki hapa Migori. Aliyenipigia simu ni mwalimu mwenzake wa chuoni, na alizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba mgonjwa ni mimi: "Mwalimu, mtu wetu wa nzi ametuacha." Nilitoka kwenye foleni bila kumaliza kilichonipeleka, nikatembea hadi steji ya matatu, nikarudi, nikasahau nilikoegesha gari. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimeanza safu hii nikaifuta, nikaanza tena nikaifuta, na mke wangu amenionya kwamba nikiendelea kuzungukazunguka sebuleni hivi atanihamishia uani pamoja na meza yangu. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si hodari wa kusifu wafu. Nazichukia tanzia ambazo kila marehemu ndani yake alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu. Huyu hakuwa mcheshi hata kidogo. Alikuwa mtu mgumu, wa kuuliza swali moja mpaka ukamchoka, na nilimpenda kwa ugumu huohuo.

Tulikutana Rangwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya huko. Miaka ile vyuo vikuu vilifungwa na kufunguliwa kama duka lisilo na mwenyewe. Leo wanafunzi wanarusha mawe, kesho wahadhiri wamegoma, keshokutwa redio inatangaza kwamba kila mtu aondoke chuoni kabla ya jua kutua. Yeye alikuwa akisomea shahada ya uzamifu, na utafiti wake ulihusu nzi wa matunda, wale vinzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Wenzake walipofungasha nguo na vitabu, yeye alifungasha chupa. Ndani yake mlikuwa na ukoo wa nzi alioutenga mwenyewe kwa kazi ya miaka, nzi wenye macho yaliyopauka badala ya mekundu, na hakuna aliyekuwa na wengine kama hao. Wakifa, shahada imekufa nao. Akaja nao nyumbani kwao, kisha akaja shuleni kwetu kuazima hadubini. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja, kwamba chombo kisitoke bila mwalimu wa kukilinda. Walimu wa sayansi walikuwa na shughuli zao, nyingine za baa, kwa hiyo jukumu likaniangukia mimi wa insha na ngeli. Kila Jumamosi niliifunga hadubini kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaisindikiza hadi kwao, nikakaa hapo kuilinda.

Mtu hawezi kulinda hadubini kila Jumamosi asiulize kinachotazamwa. Nilimuuliza macho ya nzi wake yana nini, naye akanieleza polepole huku mimi nikimkatiza. Katika kila seli ya nzi, kama ilivyo kwa seli zetu, kuna kiini, na ndani ya kiini mna jeni zenye maelekezo ya kuujenga mwili. Jeni yenyewe haitoki mle. Inatolewa nakala, ambayo wataalamu wanaiita RNA mjumbe, na nakala hiyo inaandaliwa kwanza: vipande visivyo na kazi vinakatwa, vyenye kazi vinaungwa, ndipo ujumbe unatoka nje ya kiini kwenda kusomwa na kutengenezewa protini. Mwisho wa maelekezo kuna alama ya kukomea. Katika nzi wake, herufi moja tu ya jeni ya rangi ya macho ilikuwa imebadilika, na badiliko hilo likazaa alama ya kukomea mahali pasipo pake, mapema, katikati ya maelekezo. "Basi wanatengeneza nusu ya protini," nikasema, nikijiona nimeelewa. Akatikisa kichwa. "Hata hiyo nusu huipati, mwalimu. Seli inautafuta huo ujumbe na kuuharibu wote. Jeni inanakiliwa vizuri kabisa, lakini ukienda kuitafuta nakala, unapata kidogo sana." Nikataka kujua kwa nini seli itupe hata ile sehemu nzuri. Akaniuliza kama nimewahi kumwelekeza mgeni njia nikaishia katikati. Protini ya nusu, alisema, inaweza kwenda kukaa mahali pa protini kamili na kuharibu kazi ya nyingine zote, kwa hiyo ni heri isiwepo.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kingine. Katika nzi wale aliona kwamba hata kule kukatwa na kuungwa kwa ujumbe kulibadilika, na mara nyingine kipande chenye ile alama kilirukwa kabisa. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kiini, kabla ujumbe haujawafikia wasomaji walioko nje. "Sasa niambie," alikuwa akisema, kidole kikigonga meza, "nani ameusoma mle ndani akajua umeharibika? Alama ni ileile ya siku zote. Anajuaje kwamba hapa imekuja mapema?" Siku hizo wataalamu huko nje walikuwa wakibishana juu ya jambo hilohilo, wengine wakisema kiini kina namna ya kusoma, wengine wakisema huo ni upuuzi. Yeye hakutaka kuchagua upande. Alitaka kujua, na njia yake ya kujua ilikuwa wale nzi wenye macho yaliyopauka, ambao sasa walikuwa kwenye rafu ya mbao Rangwe, kando ya sufuria za mama yake.

Mama yake hakuwa na habari na viini. Alichokiona ni chakula. Nzi wale walilishwa uji mzito wa unga wa mahindi wenye sukari na hamira, na mvua ya mwaka ule ilikuwa imekataa. Kwa heshima yangu mimi mgeni alizungumza Kiswahili, na nadhani pia alitaka niwe shahidi. "Hii lwang'ni yako inakula unga ya watu," alimwambia mwanawe. "Watu hapa wanakunywa chai bila sukari, na wewe unapikia nzi uji." Mwana akajitetea kwamba ni kijiko tu. "Kijiko ni ya nani?" Majirani nao walikuwa na yao. Bonde la Lambwe haliko mbali na pale, na kila mtu alijua mbung'o na ugonjwa wa malale, alijua mitego ya vitambaa vya buluu iliyotundikwa vichakani. Watu waliotumia miaka kumfukuza nzi sasa walisikia kwamba kijana msomi amerudi nyumbani kuwafuga. Wengine waliacha kupita njia ya kwao. Wengine walisema mambo ambayo sitayarudia gazetini.

Kisha baba yake akafa. Alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na alikuwa amerudi nyumbani mwembamba, akikohoa, akiukwepa uso wa kila aliyemjulia hali. Ilitangazwa kwamba ni malaria. Pembeni, kwa kunong'ona, wazee walisema ni chira, ile laana inayomkausha aliyevunja mwiko. Nilikwenda kutoa pole nikakuta boma limejaa, ndizi zimetundikwa, mitungi ya busaa, pombe ya nafaka, iko chini ya kila kivuli, na rafiki yangu amesimama nyuma ya nyumba kama mtu aliyepigwa. Siku ya kuwahamishia nzi kwenye uji mpya ilikuwa imefika, na uji wa zamani ulikuwa umekauka. Lakini wakati wa msiba hakuna anayeshika jembe, seuze wa kupikia wadudu huku baba yake hajazikwa. Aliniambia ataacha wafe. Alisema hivyo mara moja tu.

Aliyemsikia ni shangazi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyeogopa mtu. Alisimama mbele yake akiwa na kibuyu mkononi. "Ng'ombe ya baba yako imelala njaa leo?" akamuuliza. Akajibu, "Hapana, waya," yaani shangazi. "Mbona wachungaji wameenda malishoni na sisi tuko na msiba?" "Kwa sababu zitakufa." "Basi hizi ndio mifugo yako. Lisha. Lakini utalisha hapa nje, watu wote waone. Usijifungie na wadudu ndani ya simba na baba yako amelala hapo." Simba ni ile nyumba ya kijana asiyeoa, na ndimo alimozihifadhi chupa zake tangu mama yake amfukuze jikoni. Shangazi akashusha sauti. "Ukijifungia, watasema ni wewe umemroga." Akazitoa chupa uwanjani, akaweka uji mpya juu ya kigoda, na waombolezaji wakamzunguka kutazama.

Nzi wa matunda wanapenda kinywaji kilichochacha kuliko mlevi yeyote. Mitungi ya busaa ilikuwa imewaita wa kijiji kizima, na alipofungua pamba za chupa ili nzi wake wapite kwenda kwenye uji mpya, wa porini waliingia pamoja nao. Aliwaona wakiingia. Hakuweza kupiga kelele wala kukimbia na chupa, maana macho ya watu wote yalikuwa kwenye mikono yake, na shangazi alikuwa amesema kweli kuhusu kile wangefikiri. Akafunga pamba, akashukuru, akarudi kukaa na wanaume. Baada ya maziko alikuta wengi wa macho yaliyopauka wamekufa, na waliokuja kuanguliwa walikuwa na macho mekundu, wote, chupa baada ya chupa. Mimi nilikuwepo mama yake alipoinama kwenye hadubini. Alikuwa amenyolewa nywele, amevaa nguo ya mumewe kama wajane wa kule walivyofanya, na hakuwa amecheka tangu tumzike mzee. "Nyathina," akasema, mwanangu, "zimepona." Akacheka. "Mungu ameona. Zote zimepona." Mwanawe akanitazama, mimi nikatazama sakafu.

Alinieleza nje. Hawakuwa wamepona. Kama ni watoto wa nzi wake waliojamiiana na wa porini, basi kila mmoja alikuwa na jeni nzima ya mzazi mmoja na jeni mbovu ya mwingine, na ile nzima ilitosha kuyapa macho rangi. Ile mbovu ilikuwamo, imetulia. Akiwazalisha wao kwa wao, yapata robo ya wajukuu wangerudi na macho yaliyopauka. Lakini kama waliobaki chupani ni watoto wa wageni watupu, basi alikuwa anafuga nzi wa busaa, na miaka yake ilikuwa imekwisha pale uwanjani. Aliomba zahanati vichupa vitupu vya penisilini, akaweka dume na jike katika kila kimoja, na akaanza kungoja. Hasira yake katika majuma hayo siwezi kuieleza. Alitembea, mimi nikatembea naye. Redio ilitangaza kwamba chuo kinafunguliwa, na atakayechelewa atapoteza nafasi. Yeye hakuwa na cha kurudi nacho. Mama yake hakuelewa kwa nini mtu ambaye wagonjwa wake wamepona anaamka kila asubuhi kuwachunguza tena. "Unatafuta nini?" "Wagonjwa, mama." "Zimepona, na wewe unataka zigonjeke?"

Alimpata mchana, mmoja, kisha wa pili katika kichupa hichohicho, macho yao kama chai iliyotiwa maziwa mengi. Alikaa chini kwenye udongo akaegemea ukuta. Mama yake ndiye aliyekuja kutazama, na alitazama muda mrefu. "Hii imetoka wapi? Mama yake ana macho mekundu. Baba yake pia." Mwana akamweleza kwamba ilikuwa ndani yao siku zote. "Walikuwa wanaonekana wazima," mama akasema. "Ndiyo." "Wanakula. Wanaruka." "Ndiyo, mama." Akavuta kigoda akakaa, mikono juu ya magoti. Nilidhani anawaza juu ya nzi.

"Na mimi?" akauliza.

Sote tulimwelewa. Mipango ya kumrithi, awe mke wa ndugu wa marehemu, ilikuwa imeanza. Shemeji yake alikuwa amekwisha kuja mara mbili kuangalia paa la nyumba. Rafiki yangu alimwambia kwanza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, kwamba haya ya nzi yanarithiwa kutoka kwa wazazi, na kilichomuua baba, hapa akasita, kisha akalitaja jina lake, ukimwi, ni ugonjwa wa kuambukizwa. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutamkwa katika boma lile. "Najua si moja," mama akasema. "Nimeuliza, na mimi?" Mwana gani asingesema, wewe ni mzima, mama, hebu jiangalie? Mimi ningesema hivyo, na lilikuwa limeshanifika mdomoni. Yeye akasema, "Sijui, mama. Lakini kuna namna ya kujua. Nitaenda na wewe." Juma hilo wenzake walikimbilia chuoni kuwahi nafasi zao. Yeye aliwafungia nzi wake pamba, akampeleka mama yake hospitalini Homa Bay, akarudi naye tena kuchukua majibu. Sikuambiwa majibu hayo, na sikuuliza.

Nimeishi na mchana ule muda mrefu, na unaniudhi hadi leo. Nyinyi mliokuwapo miaka ile mnakumbuka. Kuanzia Rangwe hadi Sori kila Jumamosi ilikuwa na maziko, na kila tangazo lilisema marehemu ameaga "baada ya kuugua kwa muda mfupi", hata kama tulimwona akikonda mwaka mzima. Habari iliishia hapo, katikati. Seli ya nzi, chombo kisichoonekana kwa macho, ikikutana na ujumbe uliokatizwa inauharibu ili usimdhuru mtu. Sisi tuliuhifadhi. Tuliusoma kanisani, tukautangaza redioni, tukaufanyia kazi: kwa nguvu ya hiyo "malaria" wajane walirithiwa, na waliorithi wakazikwa kwa "malaria" nyingine, na wake zao nao wakarithiwa. Kule Masara niliwahi kuwakuta vijana wachimba dhahabu wakibishana kama rafiki yao alilogwa au alikunywa maji machafu, na hakuna aliyethubutu kusema jambo la tatu. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tukistahiana, na heshima ile ilitumaliza.

Yeye alirudi chuoni amechelewa, akasihi, akakubaliwa, na nzi wake wakaendelea kuzaana huko. Alipoandika tasnifu yake alionyesha vizuri kwamba ujumbe wenye alama ya mapema unaharibiwa, na kwamba uungaji wake unabadilika. Juu ya swali lake kubwa, la nani anausoma mle ndani, aliandika kwamba hajui. Watahini walitaka hitimisho lenye uzito zaidi, wakamrudishia. Akairekebisha lugha, akaliacha lile "sijui" palepale. Ilimgharimu muda, lakini mwishowe wakampa shahada yake. Baadaye alikuja kufundisha hapa Migori, na kila tulipokutana sokoni nilimchokoza, umeshajua? "Bado, mwalimu," alikuwa akijibu, bila tabasamu. "Lakini sasa najua vizuri zaidi nisichokijua." Mengi yamegunduliwa tangu wakati ule juu ya jinsi seli inavyotambua ujumbe mbovu, mengine na watu ambao hawatawahi kusikia jina la Rangwe. Alizisoma habari zao kwa furaha ya kweli, akanipigia simu kunieleza, nami sikuelewa hata nusu.

Tulimzika kwao, mbele ya umati. Mfawidhi alisoma wasifu wake haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanakusanyika, na alipofika kwenye kifo akasema, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mama yake, mzee sasa, aliinuka kutoka kwenye kiti chake cha mbele, akaenda taratibu hadi kwa mfawidhi, akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti. Alizungumza Dholuo, kisha kwa ajili yetu wageni akarudia kwa Kiswahili. "Mtoto yangu ameuawa na saratani ya ini. Ameugua tangu mwaka jana." Akapumua. "Baba yake alikufa na ukimwi. Mimi nikapata. Homa Bay waliniambia na huyu amekaa karibu na mimi, ameshika mkono yangu. Nikakataa kurithiwa, nikaambia shemeji kwa nini, na yeye akaishi. Dawa ilikuja nikiwa bado na nguvu, nikaenda mbele ya watu wote, kwa sababu nilikuwa najua. Nyinyi mlikuwa mnangoja yeye anizike." Akaligeukia jeneza. "Siku hiyo kila mtu alikuwa ananiambia mimi ni mzima. Huyu peke yake aliniambia hajui."

Kisha akamrudishia mfawidhi kipaza sauti, akaenda akachukua udongo kwa mkono wake mwenyewe. Nilisimama pale nikilia hadharani, mimi nisiyelia, na nikawaza ni watu wangapi wamewahi kuniuliza jambo zito nikawapa neno tamu ili nipate kuondoka. Sina ushauri mwingine kwenu juma hili. Mtu akikuuliza jambo ambalo maisha yake yanalitegemea, nawe hulijui, mwambie hujui. Halafu inuka, uende naye.